Tathmini: pedali ya ekspresheni kama kidhibiti cha sauti ya gitaa jukwaani

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikidhibiti ukubwa wa sauti ya gitaa langu jukwaani kwa pedali ya ekspresheni, baada ya kutumia pedali ya kawaida ya volyumu kwa muda mrefu zaidi ya huo. Pedali yenyewe ni kipande cha plastiki ngumu chenye kanyagio moja, tundu moja la jeki na kidude kidogo cha kuzungusha ubavuni. Haina betri wala taa, na ukiishika mkononi unaweza kudhani ni kitu cha kuchezea watoto. Sitaitaja kwa jina la kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu mengi nitakayoyasema, mazuri na mabaya, yanazihusu karibu pedali zote za jamii hii, na kwa sababu makosa mengi yaliyonipata nayo niliyatenda mwenyewe.

Inafaa kuanza na jambo linalowachanganya wanunuzi wengi, kwa kuwa pedali za aina hizi mbili zinafanana sana kwa umbo. Pedali ya volyumu hupitisha sauti yenyewe: waya kutoka kwenye gitaa huingia upande mmoja, sauti hupita ndani ya potensiometa (kipande kinachobadilisha ukinzani wa umeme kinapozungushwa), kisha hutoka upande wa pili kuelekea kwenye amplifaya. Pedali ya ekspresheni haipitishi sauti hata chembe. Ndani yake mna potensiometa vilevile, mara nyingi ya kiloomu 10, lakini kazi yake ni kukipa kifaa kingine habari moja tu, nayo ni mahali mguu ulipo. Kifaa hicho, iwe ni prosesa ya efekti (kisanduku cha kidijitali cha kubadilisha sauti ya gitaa) au amplifaya ya kidijitali, hupeleka volti ndogo kwenye pedali, huisoma inaporudi, na chenyewe ndicho kinachopandisha au kushusha sauti. Kwa hiyo mwenye amplifaya ya zamani na pedali tatu nne za kukanyaga, asiye na kifaa chochote chenye tundu lililoandikwa EXP, hana cha kufanya na pedali hii, na fedha yake itamfaa zaidi kwenye pedali ya volyumu. Zipo pia zinazofanya kazi zote mbili, kama vile Dunlop DVP3 au Boss FV-500, ambazo hupitisha sauti kwenye matundu fulani na kutoa ekspresheni kwenye tundu jingine. Hizo zinamfaa mtu ambaye bado hajajua atahamia wapi.

Jina lenyewe lilitoka kwenye ogani, na asili hiyo inasaidia kuelewa kazi ya kifaa. Mpiga ogani ya mabomba hawezi kuikuza sauti kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi, maana bomba likishapata hewa hulia kwa ukubwa uleule hata kibonye kikiguswa kwa unyoya. Ndiyo sababu baadhi ya mabomba yaliwekwa ndani ya sanduku lenye vibao vya kufunguka na kufungika, na vibao hivyo vikaendeshwa kwa mguu. Ogani ya umeme ya Hammond, iliyoingia sokoni mwaka 1935, ilikuja na pedali ya kazi hiyohiyo. Mpiga gitaa hayuko katika shida ile. Vidole vyake tayari vinajua kunong'ona na kupaza, na mguu unaongezea tu juu ya yale ambayo mkono umekwisha kuyasema. Nilichelewa kulielewa hilo, na karibu kila tatizo nililolipata na pedali hii lilitokana na kuupa mguu kazi kubwa kuliko inayoustahili.

Niliiacha pedali ya volyumu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kupotea kwa ukali wa sauti, yaani yale masafa ya juu yanayolifanya gitaa lisikike kana kwamba liko karibu nawe. Pikapu za kawaida zisizo na betri, yaani vile vihisi vya gitaa vinavyonasa mlio wa nyuzi, hazipendi kuelemewa. Pedali ya kiloomu 250 inazifaa, ilhali ya kiloomu 25 imekusudiwa kukaa baada ya kifaa chenye umeme wake, kwa mfano pedali nyingine iliyowashwa au kitanzi cha efekti (matundu ya kuunganishia efekti) nyuma ya amplifaya. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri: Ernie Ball huuza VP Jr. katika matoleo hayo mawili, na Boss walitoa FV-500H kwa ajili ya gitaa linalochomekwa moja kwa moja na FV-500L kwa ajili ya vifaa vyenye umeme. Hata ukichagua toleo sahihi, ukiishusha pedali nusu njia, ukinzani wake na waya mrefu unaofuata hushirikiana kumeza masafa ya juu, na gitaa halipungui ukubwa tu, linafifia pia, kama mtu anayezungumza huku amejifunika shuka.

Sababu ya pili ni kelele. Vumbi likiingia kwenye potensiometa, kanyagio hukwaruza, na kwa kuwa sauti inapita humohumo, mkwaruzo huo hutoka kwenye spika mbele ya watu. Pedali niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya kamba, yaani kanyagio lilivuta uzi mwembamba uliozungushwa kwenye mhimili wa potensiometa, na siku uzi ulipokatika katikati ya wimbo kanyagio lililala chini kama ulimi, sauti ikabaki pale ilipokuwa. Kuufunga uzi mpya kulinichukua jioni nzima, pamoja na maneno ambayo si ya kuandikwa.

Kwa pedali ya ekspresheni, mambo hayo mawili yanaondoka karibu yote. Sauti haipiti pale, hivyo waya wake unaweza kuwa wa mita kadhaa bila kuathiri chochote kinachosikika, na prosesa ya stirio hushusha kulia na kushoto kwa pamoja kwa kanyagio moja. Lakini nisimdanganye mtu kwamba vumbi limeshindwa. Potensiometa ikichakaa, badala ya kukwaruza, tarakimu zinazosomwa huanza kurukaruka, na sauti hutetemeka kama mwali wa mshumaa hata mguu ukiwa umetulia. Wapo watengenezaji walioliona hilo na kuacha potensiometa kabisa. Lehle wa Ujerumani, kwa mfano, hutumia kihisi cha sumaku katika pedali zake za volyumu, ambamo hakuna kinachosuguana na kinachosuguliwa. Yangu haina anasa hiyo, na mara mbili nimeifungua kuisafisha.

Kuliko aina ya pedali, linaloamua kama utaipenda au utaichukia ni mahali unapoiweka kazi ya volyumu ndani ya msururu wa efekti, na hapa ndipo pedali ya ekspresheni inapoipita ndugu yake kwa mbali, kwa sababu kuihamisha hakuhitaji kung'oa waya hata mmoja. Nilianza kwa kuiweka mwanzo kabisa, kabla ya distosheni (efekti inayoifanya sauti ingurume), kwa kuwa ndivyo nilivyozoea. Pale mguu ulifanya kazi ileile ya kitasa cha volyumu kilicho kwenye gitaa: nilipoushusha, distosheni ilipungua na sauti ikawa safi, lakini ukubwa wake haukushuka kama nilivyotaka, kwa maana distosheni ina tabia ya kubana sauti, ikiipandisha iliyo ndogo na kuizuia iliyo kubwa. Kwa mtu anayetaka kutoka kwenye mngurumo wa kiitikio na kuingia kwenye ubeti mtulivu bila kubonyeza swichi yoyote, hapo ni mahali pazuri. Kwa mtu anayetaka tu solo yake isikike juu ya kinanda na ngoma, hapo hapafai kabisa, kwa sababu akikanyaga atapata distosheni zaidi, na distosheni zaidi aghalabu huizamisha solo badala ya kuiinua.

Baadaye niliipeleka mwisho wa msururu, baada ya kila kitu. Ladha ya sauti haikubadilika tena, na ukubwa ulitii mguu kama nilivyotaka. Lakini nilipoishusha, mwangwi na dilei (efekti inayoirudia sauti baada ya muda mfupi) vilikatwa pamoja na gitaa, ghafla, kama mlango uliofungwa na upepo. Katika wimbo wa kasi hakuna anayeona. Katika wimbo wa taratibu kila mtu anaona, hata asiyejua jina la efekti hata moja.

Mahali nilipotulia ni katikati: baada ya amplifaya ya kidijitali iliyo ndani ya prosesa, lakini kabla ya dilei na mwangwi. Faida yake naweza kuionyesha kwa wimbo mmoja tunaoupiga karibu kila onyesho. Kodi ya mwisho ya utangulizi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, inapigwa mara moja tu, kisha mimi narudisha kisigino taratibu huku nyuzi bado zinalia. Gitaa lenyewe linaondoka, lakini mwangwi wake unabaki ukielea kwa sekunde tatu au nne, na mwimbaji anaingiza neno lake la kwanza ndani ya mabaki hayo. Kwa pedali iliyo mwisho wa msururu jambo hilo haliwezekani. Kwa pedali iliyo mwanzoni linawezekana, ila kodi hubadilika tabia kabla ya kuondoka, ikitoka kwenye mngurumo hadi kwenye mlio mwembamba, na siipendi. Ninapotaka kusafisha distosheni kwa makusudi, natumia kitasa cha gitaa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, nacho hakijawahi kunilalamikia.

Sasa nije kwenye kisigino. Katika onyesho la kwanza nililoitumia pedali hii, niliiacha kama ilivyotoka kiwandani: kisigino kikiwa chini ni kimya kabisa, vidole vikiwa chini ni sauti kamili. Niliona ni faida, kwa kuwa ningeweza kunyamaza kati ya wimbo na wimbo nikirekebisha nyuzi. Wimbo wa tatu ulikuwa unaanza na gitaa peke yake. Nilirekebisha uzi wa tatu uliokuwa umelegea, nikamtikisia kichwa mpiga ngoma, nikapiga kodi kwa nguvu zangu zote, na kilichosikika ni mkwaruzo mkavu wa nyuzi zisizo na umeme, ule mlio ambao mpiga gitaa huusikia chumbani kwake usiku watu wakiwa wamelala. Mpiga ngoma alinitazama. Mwimbaji alinitazama. Mimi nilitazama amplifaya, kisha waya, kisha gitaa, na mwisho kabisa mguu wangu, ambao nilikuwa nimeuondoa kwenye pedali na kuusimamia. Nilipogundua nikakanyaga hadi mwisho, na kodi ya pili ikatoka kwa kishindo kilichomfanya fundi mitambo aikimbilie mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti.

Tangu siku ile kisigino changu hakifiki sifuri. Karibu kila prosesa inayoipokea pedali ya ekspresheni inakuruhusu kuchagua thamani ya chini na ya juu, na mimi nimeweka juu kuwa kiwango cha solo na chini kuwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) pungufu ya hapo. Ndiyo safari nzima ya mguu wangu: desibeli 6, ambazo kwa umeme ni sawa na kuikata volti nusu, na kwa sikio ni tofauti inayoonekana wazi lakini isiyomshtua mtu, kwa kuwa inakadiriwa kwamba sikio linahitaji takriban desibeli 10 ndipo lidhani sauti imekuwa maradufu. Ninapopiga rithimu, yaani ninaposindikiza wimbo, nakaa kisiginoni au juu yake kidogo. Ninapopiga solo nakwenda mbele. Kazi ya kunyamaza nimeikabidhi swichi ya kurekebishia nyuzi, ambayo ina taa nyekundu isiyoruhusu mtu kujisahau.

Mwenzangu anayepiga gitaa la pili alipoiona mipangilio hiyo aliniuliza kwa nini nibebe pedali nzima kwa ajili ya desibeli 6. Jibu langu ni hesabu. Vifaa vingi hupokea mwendo wa mguu kwa tarakimu za MIDI, lugha ya kidijitali ambayo vyombo vya muziki huwasiliana kwayo, kuanzia 0 hadi 127. Ukizitandaza tarakimu hizo juu ya desibeli 60, kila hatua inakuwa karibu nusu desibeli, na ukisukuma haraka unaweza kusikia ngazi zake, kama mtu anayeburuta kiti juu ya vigae, isipokuwa kifaa kiwe na uwezo wa kuzilainisha. Ukizibana hatua hizohizo ndani ya desibeli 6, kila moja ni takriban sehemu ya ishirini ya desibeli, na hakuna sikio la binadamu linaloweza kuihesabu. Mguu nao si mkono. Kifundo cha mguu kinaweza kuchagua mahali patatu au panne kwa uhakika, basi. Ukikipa eneo dogo, hata kikikosea, kosa lake ni dogo. Na wabunifu wa MIDI, mfumo uliotoka mwaka 1983, walikwisha kuliona jambo hili kwa namna yao: walitenga kidhibiti namba 7 kuwa volyumu na kidhibiti namba 11 kuwa ekspresheni, ili ya kwanza iweke kiwango cha jumla na ya pili icheze ndani ya kiwango hicho bila kukivunja. Prosesa ikikupa nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili kwa pedali ya volyumu, chagua 11.

Kidude cha ubavuni nilichokitaja mwanzoni kinafanya kazi inayofanana, na pedali nyingine zinacho, Roland EV-5 ikiwa mojawapo: kinainua kiwango cha chini kabisa ambacho kanyagio linaweza kukifikia. Mimi nimekiacha kwenye sifuri na kukibandika utepe juu yake, kwa sababu kiko mahali ambapo kiatu cha mpiga besi hukigusa akipita, na kipimo kilicho ndani ya prosesa hakipigwi teke na mtu.

Kwa nyimbo chache ninazotaka sauti itokee kutoka kimya, nimeandaa mpangilio wa pekee wenye safari kamili kutoka sifuri. Hapo ndipo umbo la mkunjo linapokuwa na maana. Ikiwa prosesa inafuata mstari ulionyooka, nusu ya kwanza ya safari ya kushuka huondoa desibeli 6 tu; ikibaki robo umeondoa 12, ikibaki sehemu ya kumi umeondoa 20, na kila kilichosalia hadi kimya kinaporomoka ndani ya kipande hicho cha mwisho chenye upana wa kidole. Mguuni inahisiwa kana kwamba pedali haifanyi kitu, haifanyi kitu, kisha inafanya kila kitu. Mkunjo wa logarithimu hugawanya mteremko huo kwa namna sikio linavyosikia, na kwa kukuza sauti kutoka kimya ndio ninaoutumia daima. Ndani ya zile desibeli 6 tofauti ya mikunjo haionekani, nami sijawahi kujisumbua nayo.

Ufundi wa kukuza sauti hivyo ni rahisi kuueleza na mgumu kuuzoea: unapiga kodi kisigino kikiwa chini, hivyo pigo la kucha halisikiki, kisha unasukuma mbele, na gitaa linaingia kama fidla iliyoanza kuvutwa kwa upinde. Mpiga gitaa Allan Holdsworth alijulikana kwa kodi za namna hiyo, zinazochomoza bila mwanzo. Kosa la kawaida, na nimelifanya mara nyingi, ni kuchelewa. Mguu unapofika juu kodi imekwisha kupita wakati wake, kwa hiyo mkono lazima upige mapema kidogo kuliko mapigo ya ngoma ili sauti ifike kileleni kwenye pigo lenyewe. Upande mwingine wa ufundi huo wapigaji wa gitaa la chuma lenye pedali wanaujua kuliko sisi sote: wanaanza noti kanyagio likiwa nusu tu, na kadiri uzi unavyochoka ndivyo wanavyosukuma, hata noti inaonekana haifi. Kwa desibeli 6 unapata kiasi kidogo tu cha muujiza huo, lakini kiasi hicho kinatosha kuibeba noti ya mwisho ya solo hadi mwimbaji arudi.

Waya ulinigharimu onyesho zima la majaribio. Pedali hii inahitaji waya wenye jeki ya TRS, ile yenye pete mbili nyeusi, kwa kuwa kuna njia tatu: ya kupeleka volti, ya kuirudisha ikiwa imepimwa, na ya ardhi. Nilikuwa nimeusahau waya wangu nikaazima wa gitaa, wenye pete moja. Unaingia vizuri, unabana vizuri, na kwa macho hakuna kasoro yoyote. Lakini ndani ya tundu njia mbili kati ya zile tatu zinagusana, prosesa inasoma sifuri, na sauti inabaki chini hata ukiruka juu ya kanyagio kwa miguu yote miwili. Tatizo la pili ni kwamba kampuni hazikukubaliana ni njia ipi ikae kwenye ncha ya jeki na ipi kwenye pete. Mpangilio wa Yamaha, kwa mfano, si sawa na wa Roland. Ukichanganya, pedali inafanya kazi kwa namna ya kuudhi: sehemu kubwa ya safari haibadilishi kitu, halafu sauti yote inaruka kwenye kipande kidogo cha mwisho. Anayeona dalili hiyo asikimbilie kuilaumu potensiometa, bali atafute kwanza swichi ya kugeuza mpangilio chini ya pedali, kisha kwenye menyu ya prosesa. Na akishaunganisha sawasawa aifanye prosesa ijifunze mwanzo na mwisho wa kanyagio, kazi ya nusu dakika ambayo watu huiruka na baadaye kulalamika kwamba sauti haifiki juu.

Kwa umbo na ujenzi sina mengi. Plastiki imevumilia. Uzito wake mdogo ni baraka begani na taabu jukwaani, kwa kuwa inateleza mbele kila ninapoisukuma, hivyo nimeibandika kwenye ubao wa pedali kwa utepe wa kunata wa nyuzinyuzi. Kuna skrubu ya kukaza kanyagio, na ningemshauri kila mtu aikaze zaidi ya anavyoona inatosha: kanyagio legevu huanguka lenyewe mguu ukiondoka, na likianguka wakati wa rithimu hutajua mpaka mtu akuambie. Ubavuni nimebandika kipande cha utepe mweupe na kuchora mistari mitatu kwa kalamu nene, mmoja wa rithimu, mmoja wa kujibizana na kinanda, mmoja wa solo. Katika giza la jukwaa mistari hiyo inaonekana vizuri kuliko kioo chochote cha prosesa. Jambo jingine linalosahaulika ni mwili: ukiwa na mguu mmoja kwenye pedali unasimama kwa mguu mmoja, na baada ya saa nzima nyonga inakukumbusha. Nimejifunza kuegemeza uzito kwenye kisigino kilicho juu ya pedali badala ya kuuning'iniza, jambo jingine linalowezekana tu kwa sababu kisigino changu si kimya.

Prosesa nyingine zina pedali iliyojengewa ndani, yenye swichi chini ya vidole inayobadilisha kazi kutoka volyumu kwenda efekti ya wawa. Niliwahi kutumia moja, na katika solo niliyoitaka kubwa kuliko zote nilikanyaga kwa shauku, swichi ikabofyeka, na solo ikageuka kilio cha bata. Hilo peke yake linanitosha kupendelea pedali ya nje isiyo na swichi.

Jambo linalonikera hadi leo, na ambalo si kosa la pedali bali la namna prosesa zinavyoielewa, ni kinachotokea unapobadilisha mpangilio wa sauti uliohifadhiwa ndani ya prosesa. Baadhi huheshimu mahali mguu ulipo. Baadhi hurudi kwenye thamani iliyohifadhiwa na mpangilio ule, na kukaa hapo mpaka uguse kanyagio. Unaweza kuwa umekanyaga hadi kwenye mstari wa solo, ukabadilisha mpangilio, na sauti ikashuka hadi kiwango cha rithimu ingawa mguu haujasogea. Katika menyu nyingi kuna mahali pa kulirekebisha, ila pamefichwa, na maelezo yake yameandikwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kusimama jukwaani. Patafute kabla ya onyesho.

Fundi mitambo naye ni sehemu ya kifaa hiki. Wakati wa kujaribu vyombo mimi hucheza kwanza nikiwa kwenye mstari wa solo, nimwambie kwamba hapo ndipo nitakapofika na si zaidi, kisha narudi kwenye rithimu na kumwacha achanganye bendi. Nisipomwambia, yeye husikia gitaa likipanda akashusha, likishuka akapandisha, na tunabaki tukivutana usiku kucha bila yeyote kujua. Aidha, kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) kwenye njia yangu ya mikisa ikiwekwa kali, hula zile desibeli 6 zote: nakanyaga, naona spika yangu ya jukwaani imepanda, ilhali ukumbini hakuna aliyesikia tofauti. Nimekuja kugundua hilo kwa kusikiliza rekodi ya onyesho, wala si kwa kuambiwa.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa mtu mwenye prosesa tayari, anayepiga rithimu na solo katika wimbo mmoja na asiyetaka kubonyeza swichi kila mara. Swichi ya kuongeza sauti ni nafuu na haisahauliki, na kwa anayehitaji viwango viwili tu visivyobadilika ningemwelekeza huko bila kusita. Kwa anayepiga kwa amplifaya ya mirija na pikapu zake zikaingia humo moja kwa moja, pedali ya volyumu ya kiloomu 250 bado haina mpinzani. Mimi nimebaki na hiki kipande cha plastiki kwa sababu ya ule mstari wa katikati niliouchora kwenye utepe, wa kujibizana na kinanda, ambao hakuna swichi inayonipa. Utepe wenyewe nimeubadilisha mara tatu, na kila mara mstari huo umesogea karibu zaidi na ule wa rithimu.